Mabaka ya Theluthi Moja

Watu wakisikia kwamba mimi ndiye niliyechora sare mpya za jeshi, zile za mabakabaka, wengine hunipa hongera na wengine hunipa pole. Sitaki hata moja. Nakshi niliyoichora mimi ilikuwa nzuri, na kilichovaliwa na vijana wetu kule mpakani hakikuwa nakshi yangu. Nitaeleza lilivyokuwa, na nikipandisha sauti katikati mnivumilie, maana jambo lenyewe linapandisha.

Mimi ni mchora nakshi katika kiwanda cha nguo, huu mwaka wa ishirini na sita. Nimechora maua ya mapazia, mistari ya mashuka, miraba midogomidogo ya magauni ya shule. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba ua likichapwa mara elfu moja kwenye jora, hakuna anayeona lilipoanzia wala lilipoishia. Siku Meneja aliponiita akaniambia jeshi linataka sare mpya, kwa sababu zile za zamani ni za kijani kibichi na askari siku hizi wanakaa nyanda za juu kwenye mawe na nyasi zilizoungua, nilifikiri ananitania. Ua huchorwa ili lionekane. Sasa naambiwa nichore kitu ambacho mtu mwenye macho yake mawili asikione.

Nilikwenda kule juu na fundi mkuu wa rangi, ambaye kiwanda kizima tunamwita Kidole. Jina hilo amelipata kwa tabia yake ya kuchovya kidole cha mwisho kwenye kila pipa kabla ya kukubali rangi. Ukucha wa kidole hicho haujapata kuwa na rangi yake wenyewe tangu nimjue. Tulikaa siku tisa wakati wa kiangazi, tukarudi siku nne wakati wa mvua. Yeye alijaza udongo kwenye vikopo na kuandika mahali alipoutoa. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikachora vivuli mpaka shingo ikakakamaa.

Nilichojifunza kule ni hiki, na nakisema polepole kwa sababu nimekisema mara nyingi mbele ya watu wasiosikia: si rangi peke yake inayomficha mtu, ni ukubwa wa baka. Mtu hutambulika kwa umbo lake, yaani bega, kichwa, miguu miwili. Baka kubwa hulikata bega vipande viwili. Kipande kimoja kinakwenda na jiwe, kingine kinakwenda na kivuli, na jicho la anayetafuta halipati cha kujumlisha. Lakini baka likiwa dogo, ukisogea mbali yote yanachanganyika. Mwaga pilipili manga kwenye chumvi kisha urudi nyuma hatua kumi uone kama hutaona kijivu kitupu. Na mtu wa kijivu kitupu juu ya jiwe jeupe ni mtu mzima mzima, na bega lake lipo.

Kwa hiyo baka langu kubwa lilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Lililo dogo kuliko yote lilitosha kiganja. Tulichapa mita chache, tukashona sare moja, tukaenda kuijaribu nyuma ya kiwanda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Kidole alivaa, akapanda na kukaa anapotaka, hatua mia mbili kutoka tuliposimama. Wafumaji sita waliokuwa kwenye mapumziko walisimama chini wakimtafuta, mimi nikihesabu kwa sauti. Alipokuwa na sare ya zamani ya kijani walimwona nilipofika sita. Alipovaa ya kwangu nilihesabu hadi mia moja arubaini, na hapo ni kwa sababu alipiga chafya.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba. Nilikuwa na sababu yangu. Mdogo wangu ni askari.

Mama yetu amezaa wanne. Mimi wa kwanza, yeye kitinda mimba, na katikati yetu kuna miaka ishirini. Tunamwita Tinda. Nilimbeba mgongoni mpaka majirani wapya wakadhani ni wangu, na sikuwasahihisha. Alipokwenda jeshini nililia kuliko Mama. Basi kila baka nililochora nililipima kwa mabega yake, na sioni aibu kusema hivyo.

Ikaja barua kutoka Kamati ya Mavazi. Walitaka sampuli isiyozidi ukubwa wa karatasi moja, iweze kuingia kwenye faili. Nakshi yangu nzima ilikuwa karibu mita moja kabla haijaanza kujirudia. Ningekata kipande cha ukubwa wa karatasi wangeona baka moja na nusu. Nikafanya linalofanywa na mchora nakshi yeyote duniani: niliipunguza hadi theluthi moja, nikaichapa kwenye kadi, waone mpangilio wote kwa pamoja. Nyuma ya kadi niliandika kwa kalamu nyekundu: “Huu ni udogo wa theluthi moja. Ukubwa halisi uko kwenye kitambaa kilichoambatanishwa.” Nikaambatanisha kitambaa chenyewe, mita sita, kimekunjwa vizuri na kufungwa kamba.

Siku ya kikao nilikaa kwenye benchi la korido kuanzia saa mbili asubuhi. Hawakuniita. Saa nne mlango ulifunguliwa ili chai iingie, nami nikachungulia. Nikaona kitambaa changu kimetandazwa juu ya ile meza ndefu, mwanzo mpaka mwisho. Moyo ulinijaa. Nikasema, kumbe ni watu makini, wanakikagua. Halafu nikaona visahani.

Walikuwa wamekifanya kitambaa cha meza. Mama wa chai alinieleza mwenyewe alipotoka, tena bila kupepesa macho. “Cha ukumbini kiko kwa dobi,” akasema. “Na hiki chenu kizuri, hakionyeshi uchafu.”

Basi watu wazima kumi na mmoja wenye nyota mabegani waliegemeza viwiko juu ya nakshi iliyo sahihi, huku wakipitishiana mkononi ile isiyo sahihi na kuambiana inapendeza. Walipomaliza chai waliipaka kadi gundi, wakaibandika kwenye faili, wakaitia lakiri, ule muhuri wa nta nyekundu, pembe zote nne na kupiga sahihi. Maandishi yangu mekundu yakabaki chini ya gundi. Penye wazee haliharibiki neno, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye Kamati ya Mavazi.

Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba sampuli yenye lakiri ni sheria. Kiwanda kinatakiwa kuchapa kilichomo ndani yake, rangi kwa rangi, kipimo kwa kipimo. Anayeibandua bila kikao kizima amebomoa hati ya serikali. Oda ilipofika, mkaguzi alikuja na rula yake, akapima kadi kwenye faili, akaandika vipimo. Baka kubwa: urefu wa kidole changu cha kati. Baka dogo: kifuniko cha chupa ya soda.

Nilikimbia ofisini kwa Meneja na viatu vya kazini, nikiacha nyayo za rangi kwenye zulia lake.

“Meneja, hii ni theluthi.”

“Hii ni sampuli, mama.”

“Nyuma ya kadi kuna maandishi.”

“Nyuma ya kadi kuna gundi.” Alivua miwani akajikuna pua. “Unanitaka niwaambie wakubwa kumi na mmoja kwamba hawajui kusoma?”

“Nataka uwaambie wageuze kadi.”

“Haigeuki. Ina lakiri.”

Rola za kuchapia zikachongwa. Mashine zikaanza kutema majora usiku na mchana, na mimi nikipita kati yake nilihisi kama ninapita kati ya watu wanaonisengenya. Niliandika barua. Ya kwanza ilijibiwa na katibu wa kamati, Kanali mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza: “Kamati imeridhika na mwonekano wa sampuli.” Niliisoma mara tatu. Kitu ambacho kazi yake ni kutoonekana, wao wameridhika na mwonekano wake! Barua ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilirudishwa kwa Meneja ikiwa na maneno mekundu pembeni, na wiki hiyo hiyo nikahamishiwa kwenye mapazia. Ya nne niliiandika nikiwa huko huko kwenye mapazia. Kidole aliniambia niachane nao, mwenye nguvu mpishe. Nikamwambia nimempisha, tatizo amekwenda na mdogo wangu.

Tinda alikuja likizo ya siku tano kabla ya kupelekwa mpakani. Alikuwa amepewa ukoplo na kukabidhiwa askari wanane. Alisimama katikati ya sebule ya Mama, sare mpya mwilini, akageuka huku na huku kama bibi harusi. Mama alipiga makofi.

“Umependeza, mwanangu.”

“Amependeza,” nikasema, “ndiyo balaa lenyewe.”

“Dada naye,” Tinda akacheka. “Hata nikivaa dhahabu utatafuta kutu.”

Nilimshika mkono nikampeleka machimboni, akinitania njia nzima. Nikamwambia apande, akae popote apendapo, atumie kila alichofundishwa. Niligeuza mgongo nikahesabu hadi sitini. Nilipogeuka, hata sijamaliza kugeuka, nilikuwa nimeshamwona. Donge la kijivu juu ya mawe meupe.

“Kushoto kwa jiwe lililopasuka!” nikapaza sauti. “Umepiga goti la kulia!”

Alihama. Nikamwona. Akahama tena, akalala chini kabisa, akajikunja. Nikamwonyesha kwa kidole kabla hajatulia. Mara ya tano aliteremka taratibu, na kicheko kilikuwa kimeisha usoni.

“Dada,” akasema, “tunaondoka Jumatatu.”

Nilimwambia habari yote ya kadi, gundi na visahani vya chai. Alikaa juu ya jiwe akasikiliza, akikwaruza vumbi kwa ncha ya kiatu. Niliposema naweza kuzipaka sare zao rangi kwa mkono, mabaka ya ukubwa unaotakiwa juu ya haya madogo, alitikisa kichwa. Sare ni mali ya umma. Hata kifungo hakibadilishwi bila karatasi.

“Ukikamatwa watakufanya nini?” nikamwuliza.

“Watanifunga.”

“Na usipokamatwa, ukakaa juu ya mawe yale na hiyo uliyovaa?”

Aliinuka akajipangusa vumbi. Jumamosi asubuhi alirudi na gunia. Ndani mlikuwa na sare tisa, ya kwake na za wale wanane.

Tulizipaka uani kwa Mama mchana kweupe. Kidole alikuja na ndoo nne za rangi, ile ya udongo, ile ya nyasi kavu, ile ya kivuli na ile ya majivu, zenye dawa ya kushika zisitoke kwenye maji. Mama aligomba kwa sababu ya sakafu yake, kisha akaleta stuli akakaa kutusimamia, kila mara akiuliza baka lipi ni la mwanawe. “Yote, Mama,” nikamwambia. Zilipokauka tulimvalisha Tinda na kumpeleka tena machimboni. Nilihesabu mpaka mia moja na kumi, na ningeendelea, ila Mama aliingiwa na hofu akaanza kumwita kwa sauti ajitokeze.

Wakaondoka Jumatatu. Wiki tano zilipita. Halafu siku moja, saa tano asubuhi, nikiwa nakagua mapazia ya waridi, simu yangu ikalia. Alikuwa Tinda, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza mchanga.

Vikosi viwili vidogo vilikuwa vimekaa kwenye ukingo mmoja wa kilima, chake na kingine cha jirani, hatua themanini kati yao. Palipopambazuka walishambuliwa kutoka ukingo wa pili. Risasi zote zilikwenda kwa jirani. Wanne walibebwa, na mmoja wao hakuamka tena. Upande wa Tinda haikufika hata moja.

“Wao walikuwa wanaonekana, dada,” akasema. “Hata mimi niliyekuwa upande wao niliwaona. Ungeweza kuwahesabu.”

Nilikaa chini juu ya majora. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya wale tisa, na papo hapo nikaona haya kushukuru, maana yule asiyeamka naye alikuwa na mama yake, na kitambaa alichokuwa amevaa kilitoka kwenye mashine zilizo nyuma ya ukuta huu ninaouegemea.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kisha mniambie kama nina haki ya kukasirika. Wakaguzi walikwenda kule juu kuuliza kulikoni. Walikuta kikosi kimoja kimeraruliwa na kingine hakina hata mchubuko. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: hawa wamepona kwa nini? Wao waliziangalia sare za waliopona, wakatoa rula, wakauliza: nani ameharibu kitambaa?

Tinda alisema ni yeye, peke yake. Aliteremshwa kutoka kule juu akiwa chini ya ulinzi. Shtaka lilikuwa kuharibu mali ya umma na kuvaa sare isiyolingana na sampuli yenye lakiri.

Baraza lililomhukumu lilikaa kwenye chumba chenye feni moja na madirisha makubwa yanayotazama uwanja wa gwaride, na nyuma ya uwanja kuna kilima cha mawe. Mwenyekiti alikuwa yule Kanali wa mwandiko mzuri. Mezani kulikuwa na mashati mawili, moja la kiwanda na moja la mkono wangu, na kati yake lile faili. Nilikuwa sijapata kuwa nalo karibu namna ile. Lakiri zake nne zilikuwa nyekundu na safi, hakuna aliyezigusa.

Waliniita kama shahidi mtaalamu.

“Mama, shati hili la pili linalingana na sampuli?”

“Halilingani.”

“Asante. Kaa.”

“Sijamaliza.”

“Swali limekwisha.”

“Jibu halijakwisha, afande.” Nilikuwa nimeshasimama na sikukaa. “Aliyelipaka ni mimi, andikeni hapo. Mdogo wangu anabeba kosa la mkono wangu. Na mkitaka kujua kwa nini nimelipaka, bandueni hiyo kadi msome nyuma. Ni mistari miwili tu. Au kama mnaogopa gundi, dirisha hilo hapo. Pelekeni watu wawili kwenye kile kilima, mmoja avae hili, mwingine avae lile. Mtazame wenyewe kwa macho yenu, kisha mfunge mnayetaka kumfunga.”

Kanali alitabasamu kidogo. “Baraza hili halichezi mchezo wa kujificha.”

Wenzake walicheka. Kweli, walicheka, kile kicheko cha watu wanaongoja chakula cha mchana.

“Yule aliyekufa naye hakuwa anacheza,” nikasema.

Kicheko kilikatika. Feni ikaendelea kuzunguka. Nilidhani, kwa dakika moja ya ujinga, kwamba sasa mkono wa mmoja wao utaelekea kwenye faili. Kanali alisema lakiri haibanduliwi kwa ajili ya hasira za shahidi. Akamwuliza Tinda kama ana la kusema.

“Nilipanda na watu wanane, afande,” Tinda akasema. “Nimeshuka nikiwaacha wanane.”

Walimpa siku tisini za mahabusu na kumvua ukoplo. Mimi raia, hawakuwa na la kunifanya zaidi ya kumwandikia Meneja, na Meneja naye akaniandikia mimi. Mama alielezwa habari yote. “Kwa hiyo,” akasema, “mwanangu amefungwa kwa sababu hakuonekana?” Swali hilo la mama yangu mzazi sitawasamehe.

Siku ya kumi na moja ya kifungo chake, saa sita na nusu mchana, mlinzi wa geti alinitumia mtu kwamba nina mgeni. Nilitoka nikijifuta mikono. Nje, pembeni ya geti, alikuwa amesimama mwanamume wa makamo, shati jeupe la kiraia, mfuko wa nailoni kwapani. Ilinichukua muda kumtambua bila nyota zake. Alikuwa Kanali.

“Mama, tunaweza kuongea faragha?”

“Hapa panatosha.”

Alitazama kushoto na kulia. Alifungua mdomo wa mfuko kidogo, nikaona kitambaa cha kiwanda chetu, mabaka ya vifuniko vya soda.

“Mwanangu anapelekwa kule wiki ijayo,” akasema. “Ndiye wa kiume pekee niliye naye. Nakuomba... umfanyie kama ulivyomfanyia mdogo wako.”

Damu ilinipanda nikasikia masikio yanawaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Siku kumi na moja zilizopita mtu huyu alikuwa na dirisha, alikuwa na kilima, alikuwa na faili lenyewe chini ya kiganja chake, na hakuona kitu. Sasa ameona, na ameona vizuri hadi amejua kiwanda kiko wapi.

“Ulijua,” nikamwambia. “Siku ile ulijua.”

Alitazama viatu vyake. “Nilisikia habari za vile vikosi viwili. Lakini ningefanyaje, mama? Ni kamati nzima.”

Nataka kusema ukweli: nusu yangu ilitaka kumfungia geti usoni. Nilikuwa na haki hiyo, na nisingelaumiwa na yeyote. Lakini kijana hakukaa kwenye kikao chochote. Hakuegemeza kiwiko juu ya kitambaa changu. Angekwenda kukaa juu ya mawe yale kama alivyokaa yule mwingine, na mimi ningekuwa naendelea kuhesabu.

“Nitaipaka,” nikasema. “Lakini si faragha. Hapa hapa, sasa hivi.”

“Mama, tafadhali.”

“Hapa hapa, au nenda nayo.”

Nilimwita Kidole. Alimwona mgeni, akanitazama, akaenda kuleta ndoo nne na meza ya mlinzi bila kuuliza. Shati likipakwa rangi huwa linavutwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, rangi isitambae kwenye mikunjo. Kidole alishika upande wa mkono wa kushoto. Upande wa kulia haukuwa na mtu.

“Shika, mzee,” nikamwambia Kanali.

Alishika.

“Vuta. Ukilegeza, baka linaharibika.”

Akavuta. Nikachovya brashi kwenye rangi ya udongo, na hapo hapo kengele ya kurudi kazini ikalia. Wafanyakazi walianza kumiminika kutoka kula, mia mbili na zaidi, na geti ni moja. Waliotangulia walisimama. Waliofuata wakawakuta wamesimama. Mfumaji mmoja, mama wa rika langu, aliweka chini kopo lake la chakula akasogea.

“Kuna nini hapa?”

“Muulize mzee,” nikasema.

Kanali aliinamia shati. Mimi nikabaki nimeinua brashi juu ya kitambaa. Nilikuwa na subira yote ya dunia. Nimeandika barua nne kwa ajili ya sentensi moja, na sasa mwenye sentensi yake alikuwa hatua moja mbele yangu, mikono yote miwili haina nafasi.

“Rangi inakauka, mzee.”

“Mabaka yalichapwa madogo,” akasema kwa sauti ya chini.

“Walio nyuma hawasikii.”

“Mabaka yalichapwa madogo!” Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kulifutia. “Tulibandika kadi bila kusoma nyuma yake. Zote zimekosewa. Sare zote.”

Umati ulisogea karibu. Wale ndio waliozichapa, kuzikata na kuzishona, na wengi wao wana watoto, wadogo na waume ndani yake.

“Na aliye mahabusu kwa ajili hiyo ni nani?” nikamwuliza.

Alinitazama, macho mekundu. “Mdogo wako.”

Ndipo nikashusha brashi. Nilimfanyia mwanawe kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, baka la bega kwanza, lenye urefu wa kutoka kiwiko hadi kifundo, huku machozi ya hasira yakinidondoka na kuchanganyika na rangi. Yule mama mfumaji alingoja nimalize mgongo.

“Na ya mwanangu?” akauliza. “Yupo kule tangu mwezi uliopita. Ana pea moja ameiacha nyumbani, nitamtumia.”

“Ilete kesho,” nikamwambia. “Mchana hivi hivi. Nyie wote mlio nazo, leteni.”

Kanali aliendelea kuvuta shati bila kulegeza. Aliponiuliza, kwa sauti ya kunong'ona, itachukua muda gani kukauka, nilimwambia saa mbili. Tinda alikuwa amebakiza siku sabini na tisa.